Tupeane uzoefu: Moro Road, hii ya Dar kwenda Morogoro, usiku wewe lilikukuta lipi?

Wa Msamvu: Jana natoka Dar usiku, nimepita tu Chalinze naona majani yametupwa barabarani, ile alama ya gari bovu mbele, mwili wote ukasisimka. Nikakumbuka tulivyokuwa kwenye Noah na shemeji, tumeshapita Mdaula, lori linakuja limetupiga taa fulu huoni kitu, kumbe hatua chache mbele yetu kuna semi imekufa, haina taa, haina reflekta, imewekewa vitawi viwili na vyenyewe vimeshasagwa na matairi. Shemeji akakata kushoto, tukaingia porini, Noah ikaja kuegemea mti redio bado inaimba. Shemeji anatafuta kiatu. Anatafuta kiatu tu, wala haulizi nani mzima!!

Bi Mlandizi: Hapo kwenye kiatu nimecheka kisha nikajisuta. Pole kaka.

Mzee wa Tochi: Mlikuwa spidi ngapi? Semeni ukweli

Wa Msamvu: Ulikuwepo?

Mzee wa Tochi: Sikuwepo ila Noah nazijua.

Konda Mstaafu: Ukipigwa taa usiiangalie, fuata mstari wa kushoto. Na ganda nyuma ya basi, likufungulie njia.

Dogo Kimara: Nyuma ya basi?? Likifunga breki unaingia buti. Mi tangu treni ya SGR ianze 2024 barabara nimewaachia, si mtapishana na malori yenu.

Mama Gunia: Na gunia zangu tatu za mchele nazo nizikatie siti?

Bi Mlandizi: Mimi Coaster, dereva anasinzia tuko maeneo ya Bwawani, abiria nusu wamelala, tulio macho tunaogopa hata kusema. Bibi mmoja siti ya mbele akatoa ndimu kwenye kapu, "baba, tafuna." Akatafuna na maganda yake. Ikiisha anapewa nyingine, huku bibi anamuuliza habari za wakwe zake mmoja mmoja. Bibi alikuwa wa kushuka Mikese, hakushuka, akaenda naye mpaka Msamvu.

Konda Mstaafu: Huyo bibi alipwe posho

Dogo Kimara: Ndimu haifai, dawa paki ulale hata nusu saa

Mama Gunia: Upaki porini na abiria thelathini? Bi Mlandizi, sasa bibi alirudije Mikese usiku ule?

Bi Mlandizi: We acha. Konda alimdai nauli ya kupitilizwa, gari zima tukamgeukia konda.

Mzee wa Tochi: Konda Mstaafu, isijekuwa ni wewe

Konda Mstaafu: Mi nilikuwa ruti ya Tanga.