MREJESHO: Grafu ya springi iliyokataa kupita kwenye sifuri

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini grafu yangu ya T² (T ni muda wa mzunguko mmoja wa mzigo unaoning'inia kwenye springi, ukipanda na kushuka) dhidi ya masi ya mzigo haipiti kwenye sifuri, nikailaumu saa ya simu niliyopimia muda. Masikini, haina kosa. Nilisahau kuwa springi yenyewe ina masi. Ncha ya juu imetulia, ya chini inakwenda kasi sawa na mzigo, kwa hiyo inayohesabika ni theluthi tu ya masi ya springi. Jana nimeipima: gramu 60. Nikaongeza theluthi yake, gramu 20, kwenye mzigo wa gramu 180, k (ugumu wa springi) ikiwa 20 N/m, hesabu ikatoa sekunde 12.6 kwa mizunguko 20. Saa ilisoma 12.5! Bila kuhesabu masi ya springi ningepata 11.9. Na wewe uliyesema nipunguze kuvuta mzigo chini kabla ya kuuachia: nimejaribu, muda ni uleule.