Naomba ushauri: nafundisha uandishi chuoni kwa muda, kusahihisha hakulipwi

Wakuu habari zenu. Niko Dodoma, nafundisha stadi za mawasiliano kwenye chuo kimoja cha kati kama mwalimu wa muda. Nalipwa kwa saa niliyosimama darasani, basi. Somo lenyewe ni la kuandika: barua, ripoti, insha. Darasa lina watu zaidi ya mia, ukiwapa insha moja tu wikiendi yote imeishia kwenye kalamu nyekundu, na hiyo hailipwi hata senti. Wenzangu wameshahamia maswali ya kuchagua. Siwalaumu, ila mtu atajifunzaje kuandika kwa kuzungushia herufi? (Insha nyingine zinaletwa zimeandikwa na ChatGPT, lakini hilo tuliache kwanza.)

Kinachoniumiza zaidi, malipo ya muhula uliopita hayajatoka. Uhasibu wanasema fomu haijatoka idarani, idara inasema ilishapeleka. Nauli ya kutoka Nkuhungu natoa mfukoni.

Najua kuna CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi), na kwamba madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika ndani ya siku 60. Sasa mimi sina mkataba, nina barua ya kupangiwa vipindi na karatasi za mahudhurio zilizosainiwa. Je, vinatosha? Au nikienda huko ndiyo nimeaga vipindi?

Na waliowahi kufanikiwa kuingiza usahihishaji kwenye malipo, mliongea na nani: mkuu wa idara au taaluma?