Kikundi cha familia: Watoto na Wajukuu wa Bibi

Mjomba Hamisi: Zuhura, siku hizi hata shikamoo hatuisikii. Naambiwa uko makumbusho unachora na watoto.

Zuhura: Shikamoo mjomba, nisamehe. Sichori. Wiki ya tatu hii sijashika brashi.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Sasa fildi ya sanaa bila brashi ni fildi gani?

Mama Mdogo: Atakuwa anafagia 😂

Zuhura: Kufagia nako kupo mama mdogo. Warsha ikiisha, vipande vya karatasi unavikuta mpaka ndani ya viatu. Ila niko idara ya elimu na ushirikishaji jamii, wiki nane za kiangazi. Asubuhi tunapokea watoto walio likizo, mchana tunatoka kwenda mitaani.

Juma: Wanalipa?

Zuhura: Posho ya kila wiki. Bila hiyo nisingeweza kuja.

Mjomba Hamisi: Enzi zetu tulijitolea bure na hatukufa.

Kaka Salim: Mjomba, bure ina wenyewe. Anayemudu wiki nane bila senti ni yule ambaye kwao wanamlipia chumba. Wale wa Getty, taasisi ya sanaa ya Los Angeles, Marekani, tangu 1993 wanawalipa wanafunzi wa vyuo wanaokwenda kujifunza kazi kwenye makumbusho na asasi za sanaa, kusudi waingie na vijana wa jamii ambazo zilikuwa hazionekani humo.

Mjomba Hamisi: Haya mwalimu, nimekaa.

Mama: Zuhu wasimulie ya yule mtoto wa meza

Zuhura: Siku ya kwanza nilipewa watoto kumi na wawili na mchoro mmoja. Usiku nilikesha nikisoma: mchoraji kazaliwa lini, katumia rangi gani, alifundishwa na nani. Nikaanza kuwamwagia. Dakika ya nne mmoja kalala chali anahesabu taa za dari, wawili wanavuana viatu. Msimamizi wangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Uliza, halafu nyamaza." Nikauliza: kunaendelea nini kwenye picha hii? Kimya. Jamani, kimya kile! Ulimi unaniwasha nijibu mwenyewe. Nahesabu moyoni, nilipofika tisa yule aliyelala akasema, "Huyo mama ameikasirikia meza." Wenzake wakacheka. Nikamuuliza, umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Akainuka, akaja mpaka kwenye kamba, akanyoosha kidole: vidole vya yule mama vimeubana ukingo wa meza hadi kucha zimekuwa nyeupe. Mimi niliyekesha na ule mchoro sikuwa nimeziona zile kucha.

Mama Mdogo: 😳

Kaka Salim: Hayo maswali nayajua. La tatu ni: tunaweza kuona nini zaidi? Yalitungwa na Abigail Housen, mwanasaikolojia, pamoja na Philip Yenawine aliyekuwa mkuu wa elimu pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Hata darasani kwangu nayatumia, kwenye ramani.

Mjomba Hamisi: Sawa, watoto nimeelewa. Hiyo ya kushirikisha jamii ndiyo nini, kampeni?

Zuhura: 😂 Hapana mjomba. Tuliandaa warsha ya wazee. Bango zuri, limeandikwa "ubunifu shirikishi wa vizazi". Viti ishirini. Wakaja wawili, na mmoja alikuwa anatafuta choo.

Juma: 😂😂😂

Zuhura: Kesho yake tukawafuata wanakokutana, tukakaa, tukauliza. Kumbe saa tuliyopanga ndiyo ya jua kali, ngazi zetu nyingi, na kuchora hawataki. Wanachotaka ni kuonyesha kazi ambazo mikono yao imefanya. Warsha ikahamia kwao, asubuhi. Sasa anayefundisha ni seremala mstaafu, mimi nashika misumari. Bango tumelitupa.

Mama Mdogo: Tutumie basi picha za hao watoto wako

Zuhura: Siwezi mama mdogo, mpaka mzazi asaini. Siku ya pili nilipiga moja bila kujua, nikaambiwa niifute pale pale, msimamizi anatazama. Hata kubaki chumbani na mtoto mmoja peke yenu ni marufuku. Mwanzoni niliona wanazidisha. Sasa nikiona mlango unajifunga nakimbilia kuweka kiti.

Juma: Dada, mwakani nataka na mimi. Nianzie wapi?

Zuhura: Anza mapema. Nafasi nyingi za kiangazi hufungwa baridi ingali kali. Tafuta watu wawili wa kukudhamini wanaokujua kwa kazi, siyo kwa undugu. Na barua usiandike "napenda sanaa tangu utotoni". Mimi niliandika hivyo mara ya kwanza, nikakataliwa. Ya pili nikaeleza nilivyosuluhisha watoto wanane waliogombea chupa moja ya gundi. Kwenye usaili waliniuliza habari za gundi tu!

Mjomba Hamisi: Basi tufundishe na sisi, tuone kama huyo msimamizi hajakudanganya.

Zuhura: [picha] Haya. Hii nimeitoa kwenye boksi la Bibi. Kunaendelea nini kwenye picha hii?

Mjomba Hamisi: Rahisi. Marehemu baba kaegemea mlango, mama kakaa, mimi ndiye huyo mtoto mzuri.

Mama Mdogo: Mzuri wapi, unalia 😂

Mama: Mbona mama kageuza uso pembeni?

Juma: Kuna kivuli cha mtu chini. Mpiga picha?

Bibi: [sauti, 0:09] "Huyo kwenye mlango si baba yenu."

Mjomba Hamisi: ???

Mjomba Hamisi: Mama, kama si baba ni nani??

Zuhura: Mjomba nyamaza kwanza. Bibi, umeona nini kinachokufanya useme hivyo?

Bibi: [sauti, 6:48]