MREJESHO: Riwaya imehamia LibreOffice Writer, italiki ndizo zilizosumbua

Wakuu, niliuliza namna ya kuhamisha riwaya ya sura 31 kutoka programu ya zamani kwenda LibreOffice Writer (programu ya kuandikia) bila mpangilio kuvurugika. Asanteni sana, imekubali, isipokuwa jambo moja.

Ushauri wa kutumia mitindo (styles, yaani umbizo lililopewa jina) ndio ulioniokoa. Kila kichwa cha sura nilikipa mtindo wa Heading 1 kwa Ctrl+1, kisha nikaweka amri ya kuanza ukurasa mpya ndani ya mtindo wenyewe, badala ya kubonyeza Enter mara ishirini. Sasa F5 inafungua Navigator, orodha inayoonyesha sura zote, na nikiburuta kichwa pale, sura nzima inahama na maandishi yake.

Nilipokosea: nilichagua yote nikabonyeza Ctrl+M kufuta umbizo la mkono (lililowekwa moja kwa moja bila mtindo). Kumbe inafuta na italiki (herufi za mlazo)! Mawazo yote ya wahusika yakawa maandishi ya kawaida. Ikabidi nirudi kwenye nakala. Tafuta italiki zote kwanza, zipe mtindo wa herufi uitwao Emphasis (F11 inafungua orodha ya mitindo), ndipo ubonyeze Ctrl+M. Mtindo haufutwi.

Kilichoshindikana ni namba za kurasa. Anayenihariria akifungua docx (faili la aina ya Word) kwenye kompyuta isiyo na fonti yangu, kurasa zinasogea. Tumekubaliana kutaja sura na aya tu. Faili mama linabaki odt, aina ya faili ya Writer yenyewe.