Siku ya vazi la asili kazini: tuiadhimisheje bila kumdhalilisha mtu?

Afisa Utumishi, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Ninashughulikia utumishi katika kampuni yenye wafanyakazi wapatao sitini, na mkurugenzi wetu ameagiza kwamba siku ya kazi inayotangulia sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9 kila mmoja aje amevaa vazi la asili la kwao. Nia ni njema na wengi wameipokea kwa furaha, lakini mwaka jana tulifanya jambo hilohilo nami nikarudi nyumbani nikiwa mzito moyoni. Mwenzetu Mmaasai alipigwa picha tangu asubuhi hadi jioni, akatakiwa aruke mbele ya wageni. Dada wa masijala alikuja na gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, akaambiwa mbele za watu kwamba hilo si vazi la asili kwa kuwa vitenge asili yake ni Uholanzi. Mhudumu wa usafi hakufika kabisa, na baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa na fedha za kununulia kitambaa na kumlipa fundi.

Mimi mwenyewe ni Mhehe. Babu yangu alivaa mgolole, nami sijui hata namna ya kuufunga. Je, nikiuvaa siku moja ofisini nitakuwa ninamheshimu au ninamwigiza? Waraka natakiwa niuandike wiki hii, na nisingependa uwe wa kuamrisha tu.

Fundi cherehani, Tanga

Mwanangu, hujambo. Nimeshona nguo za sherehe kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika hayo yote uliyoyasema, la dada wa masijala ndilo lililoniuma zaidi, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu.

Ni kweli kwamba vitenge vya nta vilianza kwa viwanda vya Uholanzi kuiga batiki za Java katika karne ya 19, na kiwanda cha Vlisco cha mjini Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, kingalipo hadi leo. Lakini tukipima uasili wa nguo kwa mahali ilipochapwa, basi hata kanga itatuponyoka. Jina lake la Mombasa, leso, limetoka katika Kireno. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha tatu juu na tatu chini hadi wakapata nguo moja ya kujitanda, na wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo za namna hiyo zichapwe India na Ulaya. Kiwanda cha Urafiki hapo kwenu Dar es Salaam kilianza mwaka 1968, wakati kanga ilikwisha kuwa nguo ya uzazi, ya ndoa na ya msiba kwa vizazi kadhaa. Kilichoifanya iwe yetu ni yale ambayo wavaaji wenyewe waliyatia ndani yake, hasa lile jina linaloandikwa juu ya pindo la chini, ambalo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kule Zanzibar, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa, wanawake waliozoea kuvishwa kaniki na merikani walijinunulia kanga ili waonekane kuwa ni watu huru. Sasa mwanamke aliyechagua kitenge mwenyewe, akakipeleka kwa fundi wa mtaani kwake, akashonewa mshono anaoujua mama yake, atasimamishwa na nani aulizwe kama ni chake?

Tahadhari yangu kuhusu kanga ofisini ni moja: jina lisomwe kabla ya nguo kuvaliwa. Kanga iliyoandikwa "Wema hauozi" inafaa mahali popote. Ukija na "Hasidi hana sababu" ukakaa mkabala na mwenzako mliyekosana wiki iliyopita, atajua kwamba umemsema, na hakuna atakayeamini kuwa ulivutiwa na rangi tu.

Kuhusu gharama, waraka utoke angalau wiki nne kabla, maana inapofika Desemba sisi mafundi tunakuwa tumeelemewa na nguo za harusi na za Krismasi. Uandike wazi pia kwamba mwenye doti moja ya kanga nyumbani, akajifunga moja na kujitanda ya pili, amevaa kikamilifu.

Mtumishi mstaafu, Nairobi

Ningependa kuongeza yale tuliyoyaona huku Kenya. Mwaka 2004 lilizinduliwa vazi la taifa baada ya shindano lililotangazwa sana, lakini halikushika mizizi, nami naamini ni kwa sababu liliwafikia watu likiwa limekwisha kukamilika. Mwezi Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa Kenya kila Ijumaa. Agizo hilo nililiona kuwa na maana zaidi, kwa kuwa liliigusa siku ya kawaida ya kazi na halikumtaka mtu ajieleze kabila lake. Kisha Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akatangaza kwamba suti ya Kaunda na mavazi ya kitamaduni ya Kiafrika hayakubaliki katika Bunge, na kwamba mwanamume anatakiwa koti, shati lenye kola na tai, ilhali Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana mara kwa mara katika suti ya Kaunda.

Kwa hiyo, Afisa, kabla ya kuandika waraka wa Desemba, naomba ufungue kanuni za mavazi za kampuni yenu usome zinasema nini kuhusu mwezi Machi au Agosti. Ikiwa mwanamume akija na kanzu na kofia siku ya kawaida atarudishwa nyumbani, na mwanamke akifunga kilemba cha kitenge ataitwa pembeni, basi siku moja ya kupiga picha haitaliondoa neno ambalo kanuni hizo zinawaambia watu mwaka mzima.

Mhasibu, Arusha

Mimi ni Mmaasai wa Simanjiro, na yaliyompata mwenzenu yamenipata katika ofisi mbili tofauti. Watu wengi hawafahamu kwamba shuka nayo ilitufikia kwa biashara, kwani wazee wetu walivaa ngozi. Kwa hiyo hoja ya mama wa Tanga inatuhusu sisi pia. Lakini kwetu mavazi hueleza rika na wajibu. Kijana wa kimorani na mzee hawajipambi sawa, na rungu la kiongozi halishikwi na kila mtu. Mgeni anaponiomba nimwazime rungu ili apige nalo picha, ninapata shida ambayo siwezi kumweleza kwa dakika mbili kwenye korido. Kuruka nako kuna mahali pake, kuna wimbo wake na kuna wenzangu wa rika. Peke yangu mbele ya mashine ya fotokopi sina cha kurukia.

Ningeomba waraka useme kwamba hakuna anayepigwa picha bila kuombwa, na kwamba mtu anaweza kuja na nguo zake za kila siku bila kuulizwa sababu. Mwaka juzi nilivaa shati na suruali siku hiyo, na ndiyo siku niliyozungumza vizuri na wenzangu kuhusu kwetu, kwa sababu walinisikiliza badala ya kunitazama.

Kuhusu mgolole wa babu yako, nenda kwa mzee anayejua kuufunga akufundishe, uuvae kwanza nyumbani. Ukiuzoea mwilini, utajua mwenyewe kama unataka kuuleta kazini.

Msomaji, Muscat

Hapa Oman dishdasha na kilemba ndiyo mavazi ya kazini ya wanaume katika ofisi za serikali, kuanzia karani hadi waziri, kwa hiyo hakuna anayemtazama mwenzake kwa mshangao. Kofia tunayoiita kummah ni ndugu ya kofia ya viua ya Zanzibar, na bibi yangu, aliyezaliwa Unguja, alizitoboa na kuzidarizi mwenyewe kwa mkono. Namuunga mkono mstaafu wa Nairobi.

Afisa Utumishi, Dar es Salaam

Nawashukuru sana, hasa mama wa Tanga na kaka wa Arusha. Nimesoma kanuni zetu jana: zinataka suti na tai kwa wanaume na "mavazi ya kiofisi" kwa wanawake, wala hazitaji kanzu, kitenge wala kilemba. Nimemwandikia mkurugenzi nikipendekeza kwamba mavazi hayo yaruhusiwe siku yoyote ya kazi, kwamba kushiriki siku ya Desemba kuwe hiari, na kwamba picha zipigwe kwa ridhaa tu. Nilimwonyesha dada wa masijala maelezo kuhusu kitenge, akayasoma mara mbili, akasema lile gauni bado analo. Jumamosi nasafiri kwenda Iringa kwa mjomba wangu, ambaye anao mgolole wa babu.