Helmeti kwenye njia za vumbi na mawe: mbona wa baiskeli avae na anayetembea asivae?

Mzawa_wa_Meru ameuliza:

Wakuu, habari za muda huu. Tuko kumi na mmoja, mwezi ujao tunavuka Namanga kwenda Hell's Gate, Naivasha. Wanne watapanda mwamba wa Fischer's Tower wakiwa na mwongozaji, watatu watatembea korongoni, na sisi wanne tuna baiskeli: barabara ya ndani ya hifadhi, halafu mzunguko wa Buffalo ambao una mlima na mteremko.

Ubishi umezuka kwenye orodha ya vifaa. Wapanda mwamba wana helmeti, hakuna aliyehoji. Watembeaji hawana, hakuna aliyehoji. Kwetu wa baiskeli, wawili wamegoma. Wanasema pale si lami, hakuna malori, tutakwenda kilomita 12 kwa saa, na helmeti ni vazi la wanaoshindana. Wanauliza: kama anayekimbia milimani anashuka mawe yale yale kichwa wazi, sisi tuna nini cha zaidi?

Naomba majibu ya wanaojua vipimo. La pili, tunaweza kuazimana? Wapanda mwamba wakimaliza asubuhi, sisi tuvae zao mchana. Na kuna mmoja ana kofia ya mjengo kazini, anataka aje nayo.

---

Fundi_Spoki amejibu:

Mkuu, hao wawili wana swali zuri, ila wameanzia kwenye kasi ya mbele, na kasi hiyo si mahali pa kuanzia. Anzeni na urefu. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye siti kiko kama mita 1.7 kutoka ardhini. Kikidondoka kutoka hapo hadi kwenye jiwe, kinafika kwa kama kilomita 20 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama. Ndiyo maana kipimo cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, EN 1078, hakiigizi kugongwa na gari. Helmeti iliyovishwa kichwa cha bandia inadondoshwa juu ya chuma bapa kwa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka mita moja na nusu. Inadondoshwa tena juu ya chuma chenye ukingo kama wa barabara kwa mita 4.57 kwa sekunde. Kile cha Marekani cha CPSC (tume yao ya usalama wa bidhaa), cha helmeti zilizotengenezwa tangu Machi 1999, kinadondosha kutoka mita 2 kwenye chuma bapa. Vyote ni vipimo vya mtu kuanguka mwenyewe, na huko porini ndiko mtu huanguka mwenyewe.

Sasa mtasema hata anayetembea kichwa chake kiko juu hivyo hivyo. Kweli. Tofauti iko mikononi. Mtembeaji akijikwaa, mikono iko huru, inatangulia, kisha magoti; kichwa hufika mwisho au hakifiki kabisa. Mkimbiaji wa milimani ni vivyo hivyo: atachubuka viganja, pengine atavunjika kifundo. Wa baiskeli vidole vyake vimeshika usukani na breki. Tairi la mbele likizama kwenye mchanga au likigonga jiwe likasimama, mwili unazunguka juu ya ekseli kama mlango kwenye bawaba. Mikono bado imeshika, kwa sababu silika ya mtu anayeanguka ni kukaza. Kinachotangulia ni paji la uso, upande wa kichwa, au bega. Hali hiyo haihitaji kilomita 30 kwa saa. Kwenye mteremko, 10 zinatosha.

Kinachofanya kazi ndani ya helmeti ni lile povu gumu jeupe, jamii moja na la kufungashia televisheni, lenye unene wa sentimita 2 hadi 3. Linapondeka, na katika kupondeka linakipa kichwa sentimita hizo za kusimamia badala ya milimita chache za ngozi. Gamba la nje linashikilia povu lisipasuke vipande na kulifanya liteleze juu ya ardhi badala ya kukwama. Sponji laini ya ndani ni ya starehe tu. Ukikuta helmeti yenye gamba na sponji bila povu gumu katikati, hiyo ni kofia.

Kuhusu "ni ya wanaoshindana": kwa baiskeli za barabarani, UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ililazimisha helmeti mwaka 2003 tu, baada ya mwendesha baiskeli Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufa kwa jeraha la kichwa kwenye mbio za Paris–Nice. Kwenye mbio za kushuka milima, UCI inataka helmeti inayofunika uso mzima, kwa sababu huko kidevu na meno hupiga chini pamoja na kichwa. Marekani wana kipimo cha hizo peke yake, ASTM F1952, ambacho hupima hata ule upinde wa kidevuni. Kwa mzunguko wenu hamhitaji ya uso mzima. Ya kawaida inatosha, ila iwe ile inayoshuka chini zaidi nyuma ya kisogo.

---

Kamba_na_Mwamba amejibu:

Nijibu la kuazimana, kwa kuwa ndipo watu hukosea wakidhani wameokoa pesa.

Helmeti ya mwamba imetengenezwa kwa hatari inayotoka juu: jiwe alilolegeza mwenzako, karabina (pete ya chuma ya kufungia kamba) iliyoponyoka. Kipimo chake, EN 12492, kinadondosha uzito wa kilo 5 kutoka mita 2 juu ya utosi, na nguvu inayofika shingoni isizidi kilonyutoni 10. Halafu kuna chuma chenye ncha, kilo 3 kutoka mita 1, kisiguse kichwa. Pembeni, mbele na nyuma inapimwa pia, lakini kutoka nusu mita tu. Nyingi za bei nafuu ni gamba gumu lililoning'inizwa kwa mikanda, povu liko utosini peke yake. Geuza moja uangalie eneo la juu ya sikio: utakuta plastiki tupu. Na wa baiskeli hapo ndipo anapopigia.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Helmeti ya baiskeli ina matundu makubwa ya hewa. Jiwe la ukubwa wa limao likitoka juu linapita kwenye tundu, na EN 1078 haina jaribio la ncha. Kwa hiyo wapanda mwamba nao wasiazime zenu. Zipo chache zenye alama zote mbili. Someni kibandiko cha ndani. Kama namba zote mbili hazijaandikwa, msiamini mdomo wa muuzaji.

Kofia ya mjengo iache kazini. Ya EN 397 mkanda wake wa kidevuni, kama upo, unatakiwa uachie ukivutwa kwa nguvu kati ya nyutoni 150 na 250, ili fundi aliyenaswa kwenye jukwaa asinyongwe. Kwenye baiskeli ukipinduka, inatoka kwenye pigo la kwanza, na pigo la pili linakuta kichwa kitupu. Ya mwamba ni kinyume, mkanda lazima ushike. Ukiwa nazo mezani zinafanana, lakini zimetengenezwa kwa mawazo yanayopingana.

Na hao watatu wa korongoni tafadhali msiwasahau kwa sababu tu hawana helmeti. Hatari yao ni maji. Watu walikufa katika korongo lile kwa mafuriko ya ghafla mwaka 2012, na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu yako kukawa na jua. Kwao kifaa cha usalama ni kumsikiliza mwongozaji na kugeuza mapema. Kila mchezo una kitu chake kinachoua, na vifaa hufuata hicho.

---

Gia_ya_Chini amejibu:

Nakubaliana na wakuu hapo juu, ila nisisitize jambo moja: helmeti inafanya kazi baada ya mambo kuharibika. Kwenye barabara ile ya ndani, tambarare yenye kokoto na vumbi la volkano, kinachowaangusha watu wengi ni baiskeli ya kukodi isiyokaguliwa. Kabla ya kulipia, dakika tano:

Inua tairi la mbele, lizungushe. Likiyumba kuelekea mpira wa breki, kuna spoki zimelegea. Kaza breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok-tok" kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea na usukani utatetemeka mteremkoni. Mipira ya breki ikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu, ipige rimu na si tairi. Angalia pia ni mkono gani unavuta breki ya mbele, maana hazifanani kila mahali, na mtu aliyezoea kushoto kuwa nyuma akikuta kinyume ndipo anaruka usukani kwenye kona ya kwanza.

Upepo: tairi pana la inchi 2.1 au 2.2 lenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70, psi 30 hadi 35. Wakodishaji hupenda kujaza 50 ili lisitoboke. Tairi gumu hivyo linadunda juu ya kokoto badala ya kuzishika.

Kwenye mteremko wa Buffalo shusheni siti sentimita 5 kabla ya kuanza, makalio yarudi nyuma, magoti yalegee, kidole kimoja au viwili kwenye kila breki. Punguzeni kasi kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiingia kwenye mchanga, usiguse breki ya mbele kabisa, endelea kupiga pedeli taratibu.

Kwa maoni yangu, kama ningelazimishwa kuchagua kati ya baiskeli nzima bila helmeti na helmeti kwenye baiskeli yenye breki mbovu, ningeahirisha safari. Vyote viwili vinapatikana.

---

Mzawa_wa_Meru ameandika:

Asanteni sana wakuu. Mmoja wa wagomaji ameshakubali kwa hoja ya mikono. Mengine yamejitokeza. Kuna anayetaka kuvaa ya pikipiki. Tunafikiria kununua za mtumba. Dada mmoja ana rasta nene, helmeti inamkalia juu kama kikapu. Na kuna mtoto wa miaka minne atakayekuja na baiskeli yake ndogo kwa ajili ya kambini.

---

Fundi_Spoki amejibu:

Ya pikipiki: ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, ya baiskeli ni gramu 250 hadi 400. Ukipanda mlima kwa kilomita 7 kwa saa hakuna upepo wa kukupoza, utaivua, na iliyovuliwa haisaidii. Inaziba masikio pia, na mle mna nyati, masikio unayahitaji.

Mtumba: inawezekana, lakini kagua kama unanunua breki. Ndani kuwe na kibandiko chenye EN 1078 au CPSC, ukubwa wa kichwa, na mwaka wa kutengenezwa. Alama ya CE peke yake haitoshi. Zaidi ya miaka kumi, acha. Mitano na isiyo na kovu, sawa. Toa sponji zote, zimeshikwa kwa velkro tu, kisha tazama povu kwenye mwanga wa jua. Ufa mwembamba kama unywele kati ya matundu mawili, au sehemu iliyobonyea na kung'aa kuliko nyingine, maana yake ilishapiga chini. Povu hilo halirudi likishapondeka. Lishike kwa viganja viwili ulifinye pole pole pande zote. Likilia au gamba likiachana na povu, rudisha mezani. Nusa pia. Harufu ya petroli au tina ni sababu ya kuacha, kwa kuwa hivyo huyeyusha povu. Usiipake rangi ya kupuliza kwa sababu hiyo hiyo.

---

Dada_wa_Vilima amejibu:

La rasta nalijibu mimi. Tatizo mara nyingi ni fundo: nywele zikifungwa utosini, helmeti haishuki. Afunge chini kabisa, usawa wa shingo, au azigawe mafungu mawili yapite nyuma ya masikio. Apime kichwa kwa futi ya cherehani ikiwa nywele zimeshafungwa hivyo, sentimita 2 juu ya nyusi, na anunue kwa kipimo hicho. Sentimita 58 hadi 62 kwa kawaida ni L. Asing'oe povu wala kuchonga ili kupata nafasi. Anayevaa hijabu avae ya kitambaa chembamba cha kuvutika, bila pini yoyote chini ya helmeti. Kapelo chini ya helmeti hapana: kile kifungo cha juu kinakaa kati ya fuvu na povu.

Kukaa sawasawa: ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huisukuma nyuma kama kofia ya kiua, na paji la uso, ambalo ndilo hupiga, linabaki wazi. Mikanda ya mbele na nyuma ikutane chini kidogo ya ndewe la sikio. Chini ya kidevu kipite kidole kimoja. Kaza kile kiduara cha nyuma, kisha tikisa kichwa kabla hujafunga mkanda, isidondoke. Ukifunga, fungua mdomo kama unapiga miayo, uihisi ikivutwa utosini.

Mtoto: avae akiwa kwenye baiskeli, na akishuka tu mvue, hasa kabla hajakimbilia miti au bembea. Watoto wamewahi kunyongwa na mkanda helmeti iliponasa kwenye vyuma vya kuchezea, na hapo ndipo Ulaya ikaweka EN 1080, ya watoto wadogo, yenye kifungo kinachojiachia.

Mtu akipiga kichwa chini, hata kama amesimama na kucheka, siku hiyo hapandi tena. Akitapika, akisinzia, akirudia swali lile lile, au kichwa kikizidi kumuuma, ni hospitali Naivasha, si kusubiri asubuhi. Na helmeti hiyo ikateni mikanda kwa kisu kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota jalalani na kuiuza tena.