Mama mdogo kaungua na mafuta ya korosho, palipo peupe hapamuumi. Tusubiri?

Mjukuu wa Newala: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Jana mama mdogo alikuwa anachoma korosho uani, kwenye kile kibati cha matundu. Maganda yakashika moto, mafuta yakamrukia mkono wa kulia, kwenye kifundo na kiganja. Jirani akampaka dawa ya meno. Leo ana malengelenge matatu yanamliza, ila katikati kuna kipande kama sarafu ya shilingi 200, cheupe, kikavu, ukikigusa hasikii kitu. Anasema hapo pameshapona. Mnasemaje?

Mzee wa Mabibo: Mpe pole. Toboa malengelenge, paka ute wa yai. Sisi tumekua hivyo.

Nesi wa Masasi: Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Lengelenge zima linakinga kidonda. Ukilitoboa umewakaribisha vijidudu, na yai bichi linawaongeza.

Mjukuu, panapouma kuna nafuu, maana mishipa ya fahamu bado ipo hai. Hilo ni daraja la pili. Mimi naogopa hapo penye ganzi. Peupe, pakavu, pagumu kama ngozi ya ngoma: moto huenda umepita ngozi yote, daraja la tatu. Hapo anaweza kuhitaji kupandikizwa ngozi. Tena ni kwenye kifundo, kovu likivuta mkono haukunjuki.

Usidanganywe na udogo. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili, kwa hiyo yeye kaungua kidogo tu. Ila mikono, uso, nyayo, viungo na sehemu za siri ni hospitali hata pakiwa padogo. Mvue pete kabla hajavimba, funika kwa kitambaa safi, aulizwe chanjo ya pepopunda.

Siku nyingine ni maji ya kutiririka dakika 20, pamoja na sabuni, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanababua hata yakiwa ya baridi.

Mjukuu wa Newala: Dada, maji ya kutiririka dakika 20 huku juu Makonde? Ndoo tunainunua!

Nesi wa Masasi: Haha, najua. Mimina taratibu kwa kata. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Barafu usiweke.

Mjukuu wa Newala: Kakubali, bodaboda ipo mlangoni. Kasema korosho zake tusizionje mpaka arudi.